Uzi wa wanunuzi wa vitabu vya mtumba: nimenunua riwaya kwa muuza karanga, haina mwanzo wala mwisho

#1 Kurasa Njano

Wakuu, habari za jioni.

Alhamisi nimeshuka daladala Mwenge, njaa ya saa kumi na moja inanisokota, nikanunua karanga za mia tano. Yule kijana anafungia kwenye karatasi aliyoiviringa kama pembe. Nimetafuna nikamaliza, naikunjua karatasi niitupe, macho yakatua kwenye mstari huu: "Alifungua kabati la marehemu. Hapakuwa na nguo hata moja ambayo ingemtosha."

Nikasimama palepale, watu wananipiga vikumbo. Nikageuza. Ukurasa wa 32. Inspekta anamuuliza mjane swali, na mjane anacheka. Mume kafa juzi, yeye anacheka! Hapohapo ukurasa ukaisha.

Nikarudi kwa muuza karanga kwa mwendo wa mtu aliyesahau chenji. Namwambia nataka kitabu, ananiambia anko hapa tunauza karanga. Nikamwonyesha karatasi. Akainama, akatoa chini ya sinia kitabu kisicho na jalada, nyuzi zinaning'inia, cha kwanza ukurasa wa 33. Kurasa 32 zilizotangulia zimeshatawanyika Mwenge yote pamoja na karanga. Nikampa 1,000. Akanihurumia, akaniongezea karanga bure. Alidhani nina matatizo.

Nimesoma mpaka saa nane usiku. Kinakatika ukurasa wa 112, inspekta ameshika kitasa cha mlango na nyuma ya mlango kuna mtu. Basi. Jina la kitabu silijui, la mwandishi silijui, mwaka siujui.

Dalili nilizonazo: mambo yanatokea Tanga. Marehemu ni karani wa reli. Inspekta anakula maembe mabichi kwa chumvi kutwa nzima. Kuna mjane, kuna fundi cherehani, kuna mwenye duka la baiskeli. Gari wanaliita motokaa. Kikombe cha chai senti kumi.

Anayekijua anisaidie. Halafu, mods (wasimamizi wa jukwaa) wakiruhusu, uzi huu tuufanye wa wote tunaonunua vitabu vilivyokwisha kusomwa na watu. Mmeokota nini, mmepigwa wapi?

#2 Kiti cha Mbele

Nimeweka kambi. Naomba niletewe karanga.

#3 Dada wa Posta

Kurasa Njano, umenichekesha na umenitia wivu.

Mimi ni wa njia za Posta, vitabu vinavyotandazwa chini kwenye turubai. Miaka kumi na kitu sasa. Niwape niliyojifunza kwa kupigwa.

Kwanza, wauzaji wengi wanapanga bei kwa unene, utadhani nyama. Nimewahi kupata kitabu chembamba cha mashairi, toleo la zamani kabisa, kwa 500, kwa sababu "hicho kidogo dada, chukua tu." Siku hiyohiyo kitabu kinene cha mapishi ya Wazungu chenye picha za keki aliniambia 25,000 na hakushuka. Kwa hiyo wapenzi wa mashairi, furahini. Wapenzi wa kamusi, poleni.

Pili, uso. Ukikiona unachokitaka usitabasamu. Chukua vitatu, uliza bei ya usichokitaka, lalamika, kirudishe, uliza cha pili, lalamika tena, halafu kile chako ukitaje kama unamsaidia kupunguza mzigo. Nilikuwa fundi wa hilo mpaka muuzaji wangu akanizoea. Siku hizi nikishika vitatu ananiuliza, "Kwa hiyo unachokitaka ni kipi hapo, tumalizane?"

Tatu, hesabu kurasa kabla ya kulipa. Siyo kufunua funua tu, angalia namba. Nina riwaya moja inatoka ukurasa wa 64 inaruka hadi 81. Katikati hapo watu wawili walikuwa maadui, upande wa pili nawakuta wameoana.

#4 Kiti cha Mbele

Hizo kurasa zilizoruka ndizo zilizokuwa tamu, ndiyo maana hazipo. Mwenye nazo anajijua.

#5 Mwalimu wa Zamani

Salaam, vijana wangu.

Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Jambo linaloniuma kwenye biashara hii ni kukuta vitabu vyenye muhuri wa "Mali ya Serikali, hakiuzwi" vinauzwa mchana kweupe. Mara ya kwanza niligombana na muuzaji hadi watu wakajaa. Akanijibu kwa utulivu: "Mzee, mimi nimekinunua kwa kilo. Aliyekitoa shuleni siye mimi." Nikakosa la kusema.

Safari nyingine nikakuta kitabu chenye muhuri wa shule niliyowahi kufundisha. Ndani kuna orodha ya wanafunzi waliokitumia, jina, kidato, mwaka, kila mmoja kwa mwandiko wake, tisa wote. Wa tano nilimfundisha mwenyewe. Wa saba alichora msichana amesuka twende kilioni, vizuri tu. Nikakinunua. Nilikusudia kukirudisha shuleni. Mwaka wa nne huu kipo kabatini kwangu, kwa hiyo na mimi sasa nimo kwenye orodha ya watuhumiwa.

#6 Dada wa Posta

Shikamoo Mwalimu. Andika jina lako, uwe wa kumi.

#7 Fundi Chapa

Mtoa mada, nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu tangu enzi za kupanga herufi za madini ya risasi kwa mkono. Kitabu chako sikijui, ila namba zako zimenisisimua.

Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa inachapwa kurasa nane upande huu na nane upande wa pili, inakunjwa mara tatu, inakuwa kipande chenye kurasa 16. Vipande hivyo vinapangwa kimoja juu ya kingine, vinashonwa kwa uzi mgongoni, halafu gundi na jalada.

Sasa piga hesabu. Chako kinaanza 33, yaani vipande viwili kamili vimekwenda, 16 mara mbili ni 32. Kinakatika 112, na 112 ni 16 mara saba. Sadfa hiyo? Siyo. Kijana wa karanga hachani. Anakata uzi, kipande kinajiachia chote, anakikata kwenye mkunjo, anatumia jani moja moja. Mwisho nao haukuchanika: uzi umeoza, kipande cha mwisho kikadondoka chenyewe, huenda miaka kabla hajazaliwa.

Hakikisha hivi: fungua kati ya ukurasa wa 40 na 41. Ukiona uzi, nimesema kweli. Angalia tena 56 na 57.

Ukishaona, jua kwamba kama kimepungukiwa na kipande kimoja tu mwishoni, unadai kurasa 16, zisizidi. Katika hizo kuna nyingine huwa tupu au za matangazo ya vitabu vingine vya mchapishaji. Muuaji wako amebakiza kurasa kumi na kitu tu za kukamatwa.

#8 Kurasa Njano

Fundi, nimetoka kuangalia saa hii kwa tochi ya simu, umeme umekatika huku kwetu. Kati ya 40 na 41 kuna uzi. Kati ya 56 na 57 kuna uzi. 72 na 73 uzi. Nywele zimenisimama.

Na majani yote ya karanga siku ile yalikuwa yameachana vizuri, hayakuwa na mchaniko. Sikulifikiria.

#9 Kiti cha Mbele

Inspekta wa kweli yumo humu ndani na anaitwa Fundi Chapa. Apewe maembe na chumvi.

#10 Wa Tom Mboya

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu vitabu vya barabarani tunaviita "inama", kwa maana lazima uiname ndipo uvione. Mgongo ukiuma unajua umesoma.

Niseme kuhusu vitabu kuishia kwenye karanga. Kila serikali inapobadilisha mtaala, kuna mlima wa vitabu unakufa. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, watu wakauziana vitabu vilevile kaka kwa mdogo, jirani kwa jirani. Ukaja mtaala mpya, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023, na jamaa yangu pale mtaa wa Tom Mboya akabaki na magunia ya vitabu vya darasa la nane ambavyo hakuna mzazi anayevigusa. Alivihifadhi miezi kadhaa akitumaini watabadilisha mawazo. Mwishowe akaviuza kwa kilo. Vingine nimevikuta kwa mama wa njugu mtaani kwetu. Nimekula njugu zimefungwa kwa sehemu za desimali.

Raha ya inama ni kwamba unaweza kurudisha. Huyo jamaa ukimrudishia riwaya ikiwa safi anakupa nyingine, unaongeza kidogo. Kuna riwaya moja ya kijasusi nimeinunua mara mbili bila kujua. Mara ya pili nilifika katikati nikakuta doa la chai, nikasema hili doa nalijua.

#11 Mkutubi

Ngoja niingie, hii ndiyo kazi yangu.

Wanaookota vitabu bila jalada lakini ukurasa wa nyuma ya jina upo (ule wenye maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma), usomeni. Kikiwa na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), tazama tarakimu za mwanzo, ukiiruka 978 kama ipo: 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda, 9976 na 9987 ni Tanzania. Namba ikiwa na tarakimu kumi tu, kwa kawaida kimechapwa kabla ya 2007, maana tangu Januari mwaka huo zimekuwa kumi na tatu na mbele pakaongezwa 978. Kisipokuwa na ISBN kabisa, huenda ni cha kabla ya miaka ya 1970, japokuwa wachapishaji wadogo wa huku walichelewa sana kuitumia, kwa hiyo usiape.

Ukiona safu ya namba zinazoshuka, kumi mpaka moja, iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayokwambia ni uchapaji wa mara ya ngapi. Moja ikiwepo, umeshika wa kwanza. Na bei iliyopigwa chapa kwenye jalada, mfano Sh. 3/50, ni shilingi tatu na senti hamsini. Ukiwaonyesha watoto wanadhani ni hesabu ya kugawanya.

Pia kuna vile vya makontena, vilivyotolewa kwenye maktaba za nje kwa sababu huko havikuwa na waazimaji. Vingine ni vizuri mno. Lakini nimewahi kufungua boksi zima la miongozo ya kujaza kodi ya mapato ya Marekani, mwaka 1994, na kitabu cha kutunza waridi wakati wa theluji. Kile cha waridi kilinunuliwa. Mpaka leo najiuliza na nani.

#12 Mjukuu wa Hesabu

Mimi kisa changu ni cha aibu.

Kidato cha tatu, mama kaninunulia kitabu cha hesabu cha mtumba. Aliyekitumia kabla yangu alijibu maswali yote kwa penseli, mwandiko msafi, majibu amepigia mistari miwili. Nikaona Mungu si Athumani. Muhula mzima nilinakili, natoka kucheza mpira nikiwa na amani.

Jamaa alikuwa mbumbumbu, wakuu. Mwandiko mzuri, kichwa maji. Alikosa kuanzia zoezi la kwanza. Na mimi nikakosa pamoja naye, swali kwa swali, mpaka mwalimu akaniita akaniuliza kama nina undugu na fulani. Akamtaja! Aliwahi kumfundisha, na makosa yake alikuwa bado anayakumbuka.

#13 Mwalimu wa Zamani

Makosa ya mwanafunzi hayasahauliki, mwanangu. Majibu sahihi yote yanafanana.

#14 Binti Kalamu

Naomba tuzungumzie watu wanaoandika kwenye vitabu. Mimi siwezi. Nikikuta mstari wa kalamu ya wino sisikii tena sauti ya mwandishi, namsikia huyo aliyepiga mstari. Na daima wanapigia mstari sentensi ya kijinga.

#15 Dada wa Posta

Binti Kalamu, hapo tutagombana. Ninalipia zaidi kitabu kilichoandikwa pembeni. Nina riwaya ya mapenzi ambayo msomaji wa kwanza, nadhani mwanamke, kila mwanaume anapoahidi jambo kaandika pembeni: "Haya." Sura ya pili, "Haya." Sura ya sita, "Haya bwana." Ukurasa wa mwisho, wameshafunga ndoa, kaandika "Tutaona." Mwandishi hakufikia hapo kwa uzuri.

#16 Binti Kalamu

Sawa, hiyo nimekubali. Ila iwe penseli.

#17 Kabati la Babu

Niliyoyakuta ndani ya vitabu, kwa miaka: tiketi ya treni ya Reli ya Kati, jani la mwarobaini lililokauka, wembe (nilijikata), risiti ya dobi, picha ya pasipoti ya kijana mwenye afro, noti ya shilingi 20 ya zamani yenye sura ya Mwalimu Nyerere, na barua.

Barua ilikuwa haijafunguliwa. Bahasha imefungwa, imeandikwa jina la kwanza tu, la kike, mbele kidogo "kwa mkono", kama tulivyokuwa tukifanya ukimtuma mtu. Ilikuwa katikati ya kitabu cha Fizikia. Ina maana aliyepewa kuifikisha hakuifikisha, au aliyeiandika aliogopa.

Mke wangu anasema tuifungue. Nakataa. Tumeshabishana juu ya barua hiyo zaidi ya tulivyowahi kubishana juu ya ada. Iko palepale, ndani ya Fizikia.

#18 Kiti cha Mbele

Babu fungua, tunakusubiri. Hata kwa mvuke wa sufuria.

#19 Wa Tom Mboya

Usifungue mzee. Huyo mama saa hii ana wajukuu.

#20 Msafiri wa Maskati

Nawasoma kutoka Oman. Nyinyi mnachagua, sisi tunasubiri mgeni. Huku ukitaka riwaya ya Kiswahili lazima mtu aje nayo kwenye begi kutoka Unguja, na kikifika hakikai nyumba moja. Nakala moja inazunguka kwa majirani na mashemeji mpaka inalainika kama kitambaa. Ikirudi ina harufu ya udi wa kila nyumba ilikopita, na mimi huwa naibashiri: hapa ilikuwa kwa fulani, hapa imekaa jikoni.

Sanduku la bi mkubwa wangu lina kama vitabu arobaini. Hiyo ya karani wa reli nimemuuliza, haijui. Amesema lakini nguo zisizomtosha maana yake nyumba si yake.

#21 Kurasa Njano

Msafiri, msalimie sana bi mkubwa. Inspekta amefikia wazo hilohilo ukurasa wa 70. Bi mkubwa kamtangulia kwa kurasa arobaini, tena bila kukiona kitabu!

#22 Kipepeo wa Tanga

Tanga mmeitaja, nimekuja.

Kwanza tahadhari kwa wa pwani. Kitabu cha mtumba usikipeleke moja kwa moja rafuni, utawaletea wenzake wageni. Huku unyevu ni mwingi, kuvu inapanda kwenye karatasi kwa wiki chache, na mende wanapenda gundi ya mgongoni kuliko sukari. Nilikuwa napuliza dawa ya mbu, nikaharibu majalada matatu. Sasa nafanya hivi: nakifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, nakitia friza wiki mbili, nikikitoa sifungui mfuko mpaka kirudi joto la kawaida, kesho yake. Ukifungua kingali baridi kinatoka jasho. Wadudu wanakufa na mayai yao. Mume wangu alikuwa anatafuta samaki akakuta ushairi.

Jua kali pia siyo dawa. Kianike kivulini penye upepo. Jua linaibabua karatasi, na ile harufu tamu ya kitabu cha zamani inayofanana na vanila, hiyo nayo ni karatasi inayooza polepole. Tunanusa maiti, wapenzi.

Sasa kuhusu kitabu chako. Nimempigia shangazi yangu, yupo Ngamiani, ana miaka sabini na kitu. Enzi zao walikuwa wakisomeana barazani, mmoja anasoma, wengine wanasuka ukili. Nimemwambia tu "karani wa reli, inspekta wa maembe", hakuniachia nimalize. Akasema, "Mwambie huyo kijana asimwamini fundi cherehani."

#23 Kurasa Njano

SHANGAZI JAMANI.

Hapana, asiseme tena. Muulize jina la kitabu tu. Jina la kitabu na la mwandishi.

#24 Kipepeo wa Tanga

Nimemuuliza. Jina halikumbuki. Anakumbuka jalada lilikuwa la kijani, lina mkono umeshika funguo, na kwamba kilikuwa cha jirani yao ambaye hakurudishiwa. Anakumbuka pia mahali waliposimama kusoma kwa sababu taa ya chemli iliishiwa mafuta, na baba yake alivyokatalia mafuta mpaka kesho. Muuaji anamkumbuka vizuri sana. Anauliza kama unataka kumjua.

#25 Kiti cha Mbele

Mimi nataka. Nitumie faragha.

#26 Jicho Kali

Naomba nichomekee moja kabla uzi haujafungwa. Jihadharini na kopi zinazouzwa kama mtumba. Wanachukua kitabu kinachotafutwa, wanakipiga fotokopi, wanakigundisha, wanakichakaza kidogo ili uone kimetumika. Dalili: herufi zina ukungu, mistari imelala upande kurasa nyingine, pembezoni kuna kivuli cheusi cha mashine, na karatasi ni nyeupe pee ilhali jalada limejifanya zee. Cha mtumba cha kweli mwandishi alishalipwa mara ya kwanza kilipouzwa. Cha kopi hajawahi kuonja hata senti. Nilinunua kimoja, mwenye kukipiga kopi kidole chake kimetokea ukurasa wa 19. Kina pete.

#27 Fundi Chapa

Na kopi haiwezi kuwa na uzi kati ya 40 na 41.

#28 Mwalimu wa Zamani

Nilitaka kutaja kwamba jana nimeipeleka ile nakala shuleni. Mkuu wa shule, kijana mdogo, amesoma orodha ya majina akacheka mpaka akatoa miwani. Wa nane ni kaka yake. Akaniambia nibaki nacho, mtaala huo haupo tena, nao hawana pa kukiweka. Nimeandika jina langu. Wa kumi.

#29 Kurasa Njano

Wakuu, mrejesho.

Leo nimepita Mwenge. Kijana wa karanga kaniona kwa mbali, kanipungia mkono. Nilikuwa na matumaini ya kipumbavu kwamba kile kipande cha mwisho kipo chini ya sinia. Hakipo. Kasema alikinunua hivyohivyo, kwenye furushi la kilo nane, pamoja na madaftari ya mtu aliyesomea uuguzi.

Lakini nimekuta mabadiliko. Karanga siku hizi anafungia gazeti. Vitabu kavipanga mbele ya sinia, vitano, vimesimama, migongo inaniangalia. Nikashika kimoja, jalada zima, nikamuuliza kwa uso mkavu kama Dada wa Posta alivyofundisha. "Elfu nane." Nikamwambia wiki iliyopita uliniuzia kwa elfu moja. Akajibu, "Ile ilikuwa karanga, anko. Hivi ni vitabu."

Nimelipa 5,000.

Kuhusu shangazi wa Ngamiani, tumezungumza kwa simu, asante Kipepeo. Nilimwomba asinitajie muuaji. Akasema hata nikimbembeleza hanitajii bure. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, na tangu kile kitabu cha jirani kipotee hajawahi kukisikia tena. Kwa hiyo tumekubaliana: Idi naenda Tanga. Nitamsomea kuanzia 33 mpaka 112, barazani, sauti juu. Nikifika kwenye kitasa cha mlango, nafunga kitabu, anaendelea yeye. Kasema kurasa 32 za mwanzo atanihadithia wakati chai inachemka, hazikuwa na maana sana, ni watu tu wanasalimiana stesheni.

Nimeshakata tiketi ya basi.

#30 Dada wa Posta

Ukirudi tuandikie. Usituandikie muuaji.

#31 Kiti cha Mbele

Swali moja tu limebaki kwenye uzi huu na hakuna aliyeuliza. Karanga zilikuwa za chumvi au tupu?

#32 Kurasa Njano

Tupu. Za chumvi zilikuwa zimefungiwa ukurasa wa 29.